Mbolea Niliyofukia kwa Mguu

Mimi nimelima karibu kila mahali. Kitale nilipanda mahindi ya wenyewe, Kericho nikachuma chai, Mumias nikakata miwa, na kila nilipozoea nikahama. Kwa hiyo Isaac, yule kijana aliyekuja kufundisha kikundi chetu kilimo, aliponipa kifuniko cha soda akasema hicho ndicho kipimo cha mbolea, nilimcheka.

"Kimoja kwa kila shina, mzee. Unachimba kando, unaweka, unafunika. Na usiweke ukiona mvua kubwa inakuja."

"Kijana, huu mkono umelisha Kitale nzima. Wewe unanipimia kama dawa ya kikohozi?"

Kikundi kizima kilicheka. Nikajiona mtu.

Shamba letu liko mtaa wa Lindi, hapa jijini, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Tuko saba. Tuligawana kama vyumba vya kupanga, kila mtu na mlango wake: kipande chembamba kutoka njia ya juu mpaka majini, ili wote wapate njia na wote wapate maji. Matuta nayo yakafuata vipande, yakashuka na mlima. Isaac alituomba tuyalaze yakate mteremko. Tukamwambia yatavuka mipaka, tutapigana. Kipande cha Akeyo kilipakana na changu, na kule chini ardhi imepinda, basi mifereji yangu iliishia kwenye kitalu chake. Miche ya mboga, sukuma na managu, ya kikundi chote ilitoka hapo.

Mwezi wa nne nilirusha mbolea ya kukuzia kwa viganja, mawingu yakiwa yameshajaa. Nilisema mvua itaiyeyusha. Ilininyeshea nikiwa njiani kurudi kwangu, mtaa wa Kabiro.

Asubuhi nilikuta matuta yangu yameoshwa, mizizi iko nje. Nikafuata mfereji. Kitaluni chembe nyeupe zilikuwa zimekusanyana kwenye miche kama mchele uliomwagika. Ningeita mtu tukazizoa, labda nusu ya miche ingepona. Lakini nilimwona Akeyo anashuka na ndoo yake, nikakumbuka nilivyomcheka Isaac. Nikazifukia kwa mguu.

"Umeamkia huku, mzee?" Akeyo akauliza.

"Naangalia tu mvua ilivyofanya."

Siku ya tatu miche iliungua, majani yakakauka kuanzia kingo. Tulisimama hapo wote saba. Akeyo alishika mche mmoja, akauliza ni nini hiki. Mimi ndiye niliyesema, "Au ni maji ya sabuni."

Ni hayo tu niliyosema. Celine alikuwa akifulia watu nguo pale njiani juu yetu, na maji yake kweli yalishuka kwetu. Wakapanda kwake na matusi. Akawaambia amemwaga maji hayo mwaka mzima na hakuna kilichokufa.

"Tafuta pengine, mama," akasema Kavetsa, mwenyekiti wetu.

Celine akabeba beseni zake akaondoka. Mimi nilikuwa nimeinama nang'oa magugu ambayo hayakuwepo.

Wiki mbili baadaye nilimkuta Celine kule Kabiro, karibu na bomba la maji, anakamua shuka. Nilitaka kupinda kona, akaniona.

"Mzee Wekulo! Kumbe unakaa huku? Hebu kaa, umechoka." Akanigeuzia ndoo niikalie.

Ile ndoo ndiyo iliyonishinda. Nikamwambia yote, chembe, mguu, na neno langu. Aliendelea kukamua mpaka shuka ikakauka mkononi.

"Na mimi nilikuwa nasema huyu mzee peke yake ndiye hakunitukana," akasema.

"Nitakubebea beseni, turudi."

"Sirudi. Nimeshapata wateja huku. Wewe nenda unisafishie jina. Nguo najua kusafisha mwenyewe."

Jumamosi kikundi kilipokutana nilisimama kabla ya maombi, maana baada ya maombi ningeogopa zaidi. Nikasema. Kavetsa aliangalia chini. Isaac hakucheka, na ningependa angecheka.

Akeyo aliniuliza swali moja. "Siku ile nakusalimia, ulikuwa umeshazifukia?"

"Ndiyo. Nilikuwa nimezikanyaga."

Akaangalia mguu wangu, na wengine wote wakauangalia. Nimetembea nchi hii yote na huo mguu, sijawahi kutamani niuache mahali mpaka siku ile.

"Basi uanze kwako," akasema. "Ulaze matuta. Na hapo juu ya kitalu upande nyasi za kushika maji, hata kama zitakula mita zako."

Nilichimba peke yangu siku nne. Kifuniko cha soda natembea nacho mfukoni. Kila shina nainama, napima, nafunika, na mgongo unauma. Wenzangu wananipita na kunisalimia vizuri. Njia ya kwangu inapita kwenye bomba la Kabiro, anapofulia Celine. Bado nazunguka nyuma.