Gundi ya Mwenyekiti

Siku ya mazishi, Simeon, mwenyekiti wa mradi wa maji, alishika maikrofoni akasema Mwai alikuwa amelewa, ndiyo maana aliingia bwawani na boti bila petroli. Watu wa Endarasha wakainamisha vichwa. Watiri, mjane wake, alimvuta binti yao Wendy karibu. Mumewe hakuwahi hata kuonja pombe.

Leo Watiri alikuwa amemleta Harshil, fundi wa injini kutoka Nyeri mjini. Boti ile ile ilikuwa imefungwa ukingoni. Simeon alisimama kando, mikono mfukoni.

Harshil alilitikisa tangi. "Hii iko nusu. Ni mafuta ile ya siku hiyo?"

"Hakuna mtu ameigusa," Watiri alisema.

Fundi aliuminya mpira wa kuvutia petroli hadi ukawa mgumu, akavuta kamba. Injini ikanguruma vizuri. Halafu sauti ikalegea, ikakohoa, ikazima. Ndivyo ilivyomzimikia Mwai katikati ya maji, upepo ukamsukuma hadi kwenye ukuta wa bwawa, akavutwa na maji yanayomwagikia chini.

"Shika hapa, mama."

Ule mpira ulikuwa umebonyea, haurudi.

"Injini inavuta, tangi haitoi. Ama paipu imeziba, ama tangi haipumui."

Akalegeza kifuniko. Hewa ikaingia, fyuu! Mpira ukajaa. Alipoiwasha tena, injini haikuzima. Akakigeuza kifuniko, akamwonyesha Watiri tundu la hewa. Lilikuwa limezibwa kwa gundi nyeusi, ikasawazishwa vizuri.

"Nani aliziba?" Watiri aliuliza.

Simeon alikohoa. "Hiyo ni mimi. Tangi inakaa stoo pamoja na mahindi. Watu walilalamika ati ugali inanuka petroli."

"Ulimwambia Mwai?"

"Mama Wendy, kifuniko ni kitu kidogo sana..."

"Nimekuuliza, ulimwambia?"

"Nilisahau. Lakini haya yote ni mapenzi ya Mungu."

"Mungu hana gundi!" Sauti yake ilivuka bwawa, hata Harshil alirudi nyuma. "Ulimuua, halafu ukamwita mlevi mbele ya mtoto wake!"

Alikipokonya kifuniko kutoka kwa fundi, akakitia mfukoni mwa koti.

"Jumapili utashika ile maikrofoni tena. Useme ni gundi yako, na useme kwa sauti ile ya mazishi."

"Sawa, mama. Lakini sasa tangi tutafunga na nini?"

"Haifungwi. Hadi Jumapili, mtakula ugali ya petroli."