Mto Alioulalia Mama

Baba alikuwa mchora mabango ya maduka. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Lakini asubuhi ambazo hakuwa na bango la mtu, alichora vitu vya nyumbani: birika, viatu mlangoni, vitunguu mezani, kona ya jiko jua linapoingia. Alikuwa na sharti moja. Hakuchora kitu kisichokuwa mbele ya macho yake. Hakuchora kwa kukumbuka wala kwa kutazama picha ya simu. Nyanya zikiwa sita mezani, zilikaa sita mpaka amalize, na sisi tulikula mboga isiyo na nyanya.

"Bwana Nyanya," mama alikuwa akimwita, "leo tumeruhusiwa kupika, au bado unazitazama?"

"Chukua mbili. Zile za nyuma nimeshazimaliza."

"Asante sana, mheshimiwa. Watoto, leo tunakula za nyuma!"

Yeye mwenyewe hakukubali kuchorwa. Baba alimbembeleza miaka yote. Alikuwa akikaa kitini dakika tano, anakumbuka sufuria, anainuka. "Mimi si nyanya," anasema. "Mimi nina kazi." Ndiyo maana katika picha zote zilizojaa kwenye kuta zetu, mama hayumo. Aproni yake imo, inaning'inia kwenye msumari. Miwani yake imo. Yeye hayumo.

Asubuhi aliyokwenda hospitali aliinuka kitandani mwenyewe. Nilimshika mkono mpaka kwenye gari la jirani. Nilipotaka kurudi kutandika, alinikataza. "Acha hivyo hivyo, nikirudi najitupa tu."

Hakurudi. Siku ya tatu tulimzika.

Watu walipotawanyika, baba aliingia chumbani na stuli, sanduku la rangi na kitambaa alichokwisha kukiwamba kwenye fremu. Tangu ugonjwa uanze alikuwa akilala kwenye kochi sebuleni ili mama ajinyooshe vizuri, kwa hiyo kitanda kile kilikuwa cha mama peke yake. Shuka lilikuwa limesukumwa ukutani. Juu ya kabati dogo palikuwa na kikombe, chai imekaukia chini. Na kwenye mto palikuwa na kishimo kilichoachwa na kichwa chake.

Baba alinionyesha mara moja tu. "Unaona? Alilalia upande wa kulia. Hapa shavu, hapa sikio. Ndiye huyu."

Nikaelewa alichokuwa akikitaka. Kwa mara ya kwanza mama alikuwa ametulia achorwe.

Kila siku alianza saa tatu mwanga ulipofika kitandani, akaacha saa tano ulipohama. Alianza na ukuta, akaja kwenye kabati, kikombe, shuka. Mto aliuacha wa mwisho. Alisema mkono lazima uzoee kwanza.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kukaa nasi, na subira yake ilikuwa inaisha.

"Kaka, hii wiki ya tatu. Hizo shuka zinataka maji, na hiki chumba kinataka hewa."

"Jumamosi, dada."

"Jumamosi ipi? Ya mwaka gani?"

"Hii hii. Nikimaliza mto, beba vyote."

"Haya. Naja na beseni, na sitaki maneno."

Alhamisi baba alikuwa amefika nusu ya mto. Mchana akaenda kumalizia bango la kinyozi. Mimi nikaingia chumbani. Nilitaka kusimama tu, si zaidi. Lakini mafuta ya nywele za mama yalikuwa bado yananukia pale, nikainama niyasikie vizuri. Kisha nikapanda. Nikaweka kichwa changu alipokuwa ameweka chake, nikalia, nikapitiwa na usingizi.

Nilipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine. Mto ulikuwa umebonyea ovyo, upande mmoja umelowa. Nilijaribu kuurudisha. Niliupigapiga ukaumuka, nikaubonyeza kwa kiwiko, nikaukandamiza kwa ngumi, huku nikitazama picha. Pichani shavu lilikuwepo. Sikio lilikuwa bado. Nilifanya nilivyoweza, nikafunga mlango, na usiku sikusema kitu.

Ijumaa saa tatu baba alikaa kwenye stuli, akachovya brashi, akatazama. Mimi nilikuwa mlangoni na chai yake. Akaishusha brashi.

"Nani ameingia humu?"

"Mimi, baba."

"Hii ni ngumi."

"Nililala. Nilisikia harufu yake, nikalala. Nikajaribu kurudisha."

Nilikimbia kuchukua simu. "Nilipiga picha siku ile ya kwanza. Tazama, kila kitu kinaonekana."

Hakunyoosha mkono. "Kwenye simu huo ni mto tu, mwanangu."

"Basi malizia kwa kukumbuka! Miaka thelathini na miwili umemwona akilala."

"Nikikumbuka nitamchora nitakavyo mimi. Na yeye hakuwa nitakavyo mimi hata siku moja."

Nilipiga magoti kando ya stuli. "Nisamehe, baba. Nimekuharibia."

Akaipangusa brashi kwa tambara, polepole, mpaka haikuwa na rangi tena, na bado akaendelea kuipangusa.

"Harufu yake ipo bado?"

"Ipo."

"Nimekaa hapa siku kumi na saba," akasema. "Tangu ile ya kwanza nataka kulala pale. Naogopa kuuharibu."

Akasimama. Akavua viatu, akavipanga chini ya stuli. Kitanda kililia alipopanda. Akajilaza upande wa kulia, akauzamisha uso kwenye mto, na hapo ndipo nilipomsikia. Makaburini hakuwa ametoa sauti.

Mwanga ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Picha ilikuwa mbele yangu: ukuta, kikombe, kila mkunjo wa shuka, kisha shavu moja kwenye mto, na baada ya shavu kitambaa kitupu. Baba hakuigusa tena mpaka naye alipotutoka. Sasa iko kwangu, hivyo hivyo.

Shangazi alisikia kilio, akaja mbio kutoka uani, beseni mkononi.

"Amemaliza?"

"Hapana, shangazi."

Alichungulia juu ya bega langu. Nilimsubiri aseme, maana shangazi huwa hakosi la kusema. Akaliweka beseni chini bila kuligongesha, akakaa sakafuni mlangoni, akanyoosha miguu.

"Nitafua Jumatatu," akanong'ona.