Biskuti Zisizo na Yai

Kondoo wa kwanza alikuwa na macho sita. Sakarbai alizishindilia karafuu kwenye unga mbichi moja baada ya nyingine, usoni, mgongoni, hata mguuni, kisha akainua uso kumtazama Apolinaria kama mtoto anayengoja kusifiwa. Apolinaria alimwambia kondoo ni mzuri. Bibi alipogeukia dirishani, Apolinaria aling'oa karafuu nne kwa ncha ya kisu, akaziba matundu kwa kidole, akamlaza kondoo kwenye sinia pamoja na kuku, sungura na punda waliongoja kuokwa.

Ilikuwa Jumamosi Kuu, na nyumba ile ya mtaa wa Gongoni ilinukia samli na iliki kama ilivyonukia kila Jumamosi Kuu kwa miaka thelathini na minne. Apolinaria aliingia humo akiwa msichana kutoka kijiji cha Kwihara, kuja kupika na kumbeba mgongoni Hitesh, mwana wa Sakarbai. Pasaka ya kwanza alitamani kuwapelekea watoto wa kigangoni kwao kitu kitamu. Sakarbai, ambaye kwa desturi ya Kihindu hakuruhusu yai livuke kizingiti cha jiko lake, akamfundisha biskuti za ngano, sukari na samli tupu. Apolinaria akakata kondoo. Sakarbai akacheka, akakata ng'ombe. Tangu hapo haukupita mwaka bila wawili hao kusimama bega kwa bega, mwenye nyumba na mpishi wake, wakibishana kuhusu urefu wa masikio ya sungura.

Lakini uzee una wizi wake. Baada ya mumewe, mzee Nanji, kufariki, Sakarbai alianza kupoteza maneno, kisha siku, kisha watu. Mwezi wa pili wa mwaka huo aliacha gesi wazi akaenda kuoga. Habari zilipomfikia Hitesh, ambaye sasa ana mke na watoto Dar es Salaam, alifanya lile ambalo mwana yeyote mwema angefanya. Alifika asubuhi ile na tiketi mbili za ndege ya Jumatatu. Alimpa Apolinaria shikamoo, akamshukuru kwa yote, akamweleza kwa upole kwamba muuguzi wa kushinda na mama amekwisha kupatikana huko, na kwamba familia imeamua. Apolinaria akajibu kuwa ni vema. Alijua Sakarbai hulalia ubavu gani na hunywa chai ya moto kiasi gani. Lakini neno "familia" lilipotamkwa, lilikuwa kama mlango uliofungwa taratibu mbele ya pua yake.

Alasiri biskuti zilikuwa zimepoa. Apolinaria alikoroga sukari ya unga na maji ya limau, akaitia manjano kidogo kwa ajili ya kuku, akajaza koni ya karatasi na kuanza kuchora manyoya. Ndipo Sakarbai alipomshika kifundo cha mkono.

"Apolina," alisema kwa sauti ya chini, "yule mwanamume aliye sebuleni anataka kunichukua. Usimruhusu."

"Yule ni Hitesh, Mama. Mwanao."

"Hitesh yuko shule."

Macho yake yalikuwa makavu na yenye akili, kama ya zamani. Apolinaria aliapa moyoni kabla hajajua anaapa nini.

Asubuhi ya Pasaka aliomba ruhusa ya kwenda na mama Kwihara kugawa biskuti, kama ilivyokuwa ada. Hitesh aliridhia, akaomba tu wawe wamerudi saa nane. Apolinaria akapanga biskuti ndani ya kapu kubwa. Chini yake, chini ya kitambaa cheupe, alikuwa ameficha sari mbili, dawa za mwezi mzima na chanuo.

Kijana mmoja aitwaye Damas aliwapeleka kwa bajaji, akikwepa madimbwi ya mvua. Baada ya ibada watoto walipanga foleni, na Sakarbai, aliyeketishwa kwenye kiti mbele ya kanisa, akampa kila mmoja mnyama wake. Aliwasahau, akawapa tena. Watoto waligundua upesi, wakawa wanazunguka nyuma ya kanisa na kurudi kwenye foleni kwa nyuso za unyenyekevu, naye akawapokea wote kama wageni. Apolinaria alimtazama akicheka, akasema moyoni: unaona, hapa panamtosha.

Wakaenda kwa Bundala, kaka yake Apolinaria. Pelagia, mke wa Bundala, alikwisha kufagia chumba cha uani na kutandika kitanda, bila kuuliza sana. Saa nane ikapita. Simu ikaita mfukoni mwa Apolinaria mpaka ikachoka, ikaita tena.

Hapo Sakarbai akasimama.

Alisema anakwenda nyumbani, Nanji atarudi kutoka dukani na kukuta meza tupu. Apolinaria akamwambia watalala hapa leo, akamshika bega. Kikongwe akaruka kama aliyeguswa na kaa la moto. Alirudi nyuma hadi ukutani, sari ikaburura matopeni, akamwelekezea Pelagia macho yaliyojaa hofu.

"Huyu mwanamke ni nani?" aliuliza. "Mwambie anirudishe kwangu. Sina ugomvi naye. Mwambie tu."

Apolinaria aliita jina lake. Alimwambia mimi ndimi Apolina. Alichukua biskuti, akamwonyesha. Kila alilofanya lilizidisha hofu ile, mpaka Pelagia akamwomba, kwa sauti ya huruma, atoke nje kidogo. Akatoka. Akasimama kando ya shamba la mahindi, mikono ikining'inia kama ya mtu mwingine. Aliomba, lakini hakujua aombe nini: akumbukwe, au asahauliwe kabisa ili yule mama apumue? Simu ilipoita mara ya tatu, akaipokea, akamweleza Hitesh walipo.

Hitesh alikuja kwa teksi. Alibeba kapu yeye mwenyewe, na alipolipokea aliona pindo la sari chini ya kitambaa. Akakitengeneza kitambaa.

"Ulitaka kumficha, Dada?"

"Ndiyo."

"Jana aliniita mwizi," alisema Hitesh. "Nami sijui kama huko ninakompeleka atanijua. Ningekuwa na pengine pa kumpeleka, Dada, ningempeleka."

Wakamwingiza Sakarbai kiti cha nyuma, naye, kwa sababu wasizozielewa, hofu ilimtoka gari lilipoanza kwenda. Aliketi katikati yao, akitazama vijumba na mashamba yakirudi nyuma. Walipokaribia mji alimgeukia Hitesh, akamchunguza kwa adabu, kama abiria mwenza.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wako, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akamgeukia Apolinaria upande wa pili.

"Na wewe?"

Apolinaria alifungua kinywa. Dereva alipunguza mwendo, ng'ombe walikuwa wakivuka barabara bila haraka, na Sakarbai akaendelea kumtazama kwa subira, mkono mmoja juu ya goti lake, akingoja jibu.