Redio Juu ya Dungu

Skolastika alipofika shambani, Apolinari alikuwa ameshainua shoka, na redio imewekwa juu ya kisiki. Ndege waharibifu, kweleakwelea, walikuwa wameushukia mpunga huku binti wa Apolinari, Imakulata, amekaa juu ya dungu la kuwafukuzia, sikio kalibandika kwenye redio. Upande mzima wa shamba ulibaki makapi matupu. Baba gani asingepandwa na hasira?

"Mwone mwanao wa ubatizo," alisema Apolinari. "Nimeifungia redio sandukuni, ameiiba. Nimetoa betri, ameokota mbovu akazianika juani mpaka zikafufuka. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Mtoto akiwashinda wazazi, mama yake wa ubatizo ndiye huitwa. Safari hii Skolastika aliitwa kwa kuchelewa, na Imakulata alikuwa ameshashuka dunguni na kuikumbatia redio pale pale kisikini.

"Toa mikono!"

"Sitoi, baba."

Skolastika akajitia katikati, mama mzima na magoti yake mabovu. "Baba Ambrosi, basi anza na mimi. Umemuuliza anasikiliza nini?"

"Miziki! Vijana wa siku hizi wana lingine?"

"Sijakuuliza wewe. Mwanangu, sema."

"Salamu za wanajeshi," alisema Imakulata. "Zinaanza saa tisa. Labda watamtaja kaka."

Kaka huyo, Ambrosi, alikuwa vitani Uganda, na tangu masika yaanze hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake nyumbani. Apolinari mwenyewe, ambaye zamani hakukosa taarifa ya habari hata moja, ndiye aliyeifungia redio. Skolastika akamwonea huruma, akamkasirikia pia.

"Huichukii redio wewe. Unaogopa."

Shoka likashuka taratibu. "Naogopa, mama. Wakisema amekufa, nitafanyaje?"

"Na huyu je? Ayasikie hayo peke yake juu ya dungu?"

Apolinari akaliacha shoka kisikini. Akachukua kombeo, akapanda dunguni, akaanza kuwarushia ndege mawe kwa hasira iliyokosa pa kwenda. Binti akapanda na redio, na saa tisa ilipofika akaiwasha. Majina yakasomwa, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha. La Ambrosi halikuwamo.

Imakulata akalia. Baba yake hakujua kubembeleza, hajawahi kujua. Akaizima redio, akaipangusa vumbi kwa shati lake.

"Kesho," alisema, "usiwashe mpaka nije."