Tangi la Ploti ya Mugutha

Pampu ya kisima ilipoharibika, Kinuthia mwenye ploti alijaza tangi kwa lori la maji, kisha akamwonya Wangeci, mtunzaji wa ploti: likikauka kabla ya Jumapili, atafute pa kulala, maana keateka asiyeweza kutunza tangi hana kazi. Chumba alichokaa Wangeci ndicho kilikuwa mshahara wake. Basi akachukua kipande cha makaa, akaandika kwenye tangi kwa Kiingereza, lugha ambayo watu huiogopa kidogo: PLEASE CONSERVE WATER.

Kumbe ameita nzige shambani. Wapangaji waliporudi kutoka viwanda vya Thika walilisoma neno lile, wakaelewa jambo moja tu, kwamba maji yanaisha. Kila mtu akatoa mitungi, ndoo, beseni, hata sufuria ya ugali. Asubuhi Wangeci aligonga tangi, likalia tupu, na hasira na hofu vikampanda pamoja.

Alianzia kwa Jared, kijana wa kiwanda cha nguo, ambaye mitungi yake ilifika mpaka chini ya kitanda. Jared hakuona kosa.

"Si uliandika tukonsave? Mimi nimekonsave."

"Wewe umeficha. Kukonsave ni kutumia pole pole ndio yatufikishe Jumapili, sisi wote. Maji ya kusuuza nguo unapigia deki, halafu unamwaga choo. Rudisha kwa tangi."

Majirani walikuwa wameshatoka milangoni. Jared aliwatazama, kisha akamuuliza Wangeci kwa upole kabisa, "Na wewe, Mama Mumbi, uko na mitungi ngapi?"

Mkuki kwa nguruwe ndio huo. Wangeci aliona aibu, kwa sababu mitungi yake sita aliijaza kabla hata hajashika yale makaa. Angeweza kudanganya, mlango ulifungwa na ufunguo alikuwa nao yeye. Lakini alienda akaufungua wazi, akabeba mtungi wa kwanza, akapanda ngazi, akamimina.

Hakuna aliyesogea. Wengine walicheka chini chini. Akabeba wa pili, maana alikuwa ameshaamua: hata yakiwa ni maji yake peke yake, tangi hili halitakaa kavu. Alipomaliza wa tatu aligeuka palepale juu ya ngazi, akasema bila kupaza sauti, "Jared, lete wako ama ushike ngazi."

Jared akaja, akashika ngazi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na mtungi.