Mita Thelathini na Moja

Jumatano ilikuwa siku ya mapumziko ya Lusungu. Siku sita alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni mjini Tukuyu, na ya saba alikwenda kutafuta makopo. Mchezo huo alifundishwa na wageni wawili, mume na mke, waliokaa chumba namba nne kwa wiki mbili. Mtu anaficha kopo, anaweka namba za mahali hapo kwenye simu, na wengine kutoka popote wanalifuata. Anayelipata anaandika jina kwenye daftari lililo ndani, anachukua kitu kimoja na kuacha kingine. Zawadi hakuna. Lusungu aliupenda kwa sababu namba hazikuwahi kumdanganya. Kwa namba hizo alishapata kopo chini ya daraja karibu na Kiwira, na jingine kwenye ukuta wa mawe huko Lupepo.

Kopo la Suma lilikuwa lake mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita wageni wale walitaka mahali ambapo kopo halitasumbuliwa, naye akawapeleka kwa mama yake mkubwa, Tulia, mjane. Walilifunga kwa waya kwenye mashina ya masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka wa shamba, sale la tatu kutoka barabarani. Walipoondoka walimwachia Lusungu alitunze. Wiki hii mtu alikuwa amelitafuta akalikosa, na simu ikamtaka Lusungu aende kuangalia.

Alipanda bodaboda ya Jaffari.

"Dada Lusungu, wenzako wakipewa siku ya kupumzika wanalala," alisema Jaffari.

"Kulala nalala kila siku."

"Na mimi je? Unanipandisha milima yote hii kwa ajili ya kopo tupu."

"Si tupu. Lina kalamu."

"Basi twende tukaione hiyo kalamu."

Walipofika Suma ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Lusungu alifuata simu mpaka ikamwambia amefika. Alikuwa amesimama katikati ya miparachichi michanga ya mzee Lazaro, jirani wa mama yake mkubwa, mstari wa tatu. Hapakuwa na sale hata moja. Aliinua macho akayaona masale chini kule, yamejipanga kama kawaida, na nyuma yake nyumba ya mama yake mkubwa. Akateremka. Kwenye sale la tatu aliingiza mkono, akaligusa kopo. Mizizi ilikuwa imelikumbatia, ikabidi Jaffari aikate kwa panga. Waya ulikuwa haujalegea; akaufungua, akalitoa kopo. Simu ilisema alipotoka ni mita thelathini na moja.

Mama Tulia alitoka nje kwa ubavu, maana mlango ulikuwa umezidi kuwa mwembamba baada ya Pasaka.

"Ugonile, mwanangu. Umekonda."

"Shikamoo mama mkubwa. Wewe je?"

"Mimi niko vilevile. Ni nyumba."

Shamba lake lilianza kupungua mwaka aliokufa mumewe, Alinanuswe. Kwanza migomba ilisogeleana. Halafu uwanja ukapungua, na nyumba ikafuata. Kitanda kilikatwa kwa msumeno mara mbili. Upande wa pili, shamba la Lazaro, mdogo wa marehemu, lilikuwa linakua. Kijiji kizima kilijua hivyo, kama watu wanavyojua kwamba mtoto wa fulani amerefuka. Baraza lilikuja mara mbili, likachimba kwenye mashina ya masale, likakuta mizizi ni ya zamani na haijaguswa. Mpaka ni pale yalipo masale. Ikaandikwa hivyo.

Kaburi la Alinanuswe lilikuwa kwenye migomba, na sasa upana wake ulikuwa kama wa benchi. Kando yake palibaki nafasi ya mtu mmoja, akilazwa kwa ubavu. Mama Tulia hakuwa na haja nyingine yoyote na ardhi hiyo ila nafasi hiyo. Kila asubuhi aliipima kwa mikono yake, kisha akasali. Kwa hesabu yake ingekwisha kabla ya mvua za mwakani.

Lusungu alimwonyesha simu. "Mama mkubwa, masale yanatembea na ardhi. Lakini namba hizi zinatoka juu kwenye setilaiti, hazitembei. Siku tulipolifunga kopo, mpaka ulikuwa kule juu."

Mama Tulia aliishika simu kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, asante sana," alisema. "Mwite mtendaji."

Jaffari alimfuata mtendaji wa kijiji, akamkuta kwa Lazaro, siku hiyo ikiwa ya kupakia parachichi. Wakaja wote wawili. Lazaro, aliyekuwa mzee wa kanisa, alivua kofia akamsalimu shemeji yake kwa heshima, akamkabidhi mfuko wa parachichi.

Mtendaji aliichukua simu, akatembea nayo kutoka kwa Lazaro hadi kwenye masale, akarudi, akatembea tena. Kisha akafungua daftari lake, akaandika.

"Mita thelathini na moja," alisema. "Ni kweli. Ardhi imesogea, mimi sibishi. Nani kaisogeza?"

Aliwatazama mmoja mmoja, kalamu mkononi.

"Fomu ina nafasi ya jina la mlalamikiwa. Nikiandika ardhi, huko juu watanirudishia."

"Shemeji, mimi sijagusa hata jani," alisema Lazaro, na ilikuwa kweli. "Kila Jumapili namwomba Mungu anipanulie mipaka. Hilo tu."

"Na mimi naomba uvumilivu," alisema Mama Tulia.

"Unaona? Tumejibiwa wote."

Lazaro alisema kwa furaha, bila kejeli.

"Mzee, si uache kuomba hivyo?" alisema Lusungu.

Lazaro alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mtu aache kuomba?" Hata Mama Tulia alitikisa kichwa. Alikuwa amesali maisha yake yote, na hakuona namna ya kumwambia mtu mwingine anyamaze mbele za Mungu.

Mtendaji alimrudishia Lusungu simu. "Halafu kuna jambo lingine. Hii inawaambia watu kwamba kopo liko kwa mzee Lazaro. Wageni watakuja kumkanyagia miche yake."

Mama Tulia aligeuka. "Simu inasema kopo liko wapi?"

"Kule juu."

"Na kopo lenyewe liko wapi?"

"Ninalo mkononi, mama mkubwa."

"Utalirudisha wapi?"

"Hapahapa kwenye masale."

"Basi simu inasema uongo. Irekebishe."

"Haikuwa uongo siku ile. Hizi namba ndizo shahidi wako, huna mwingine."

"Siku ile. Na leo?"

Lusungu aliinua macho kuitazama miparachichi kule juu.

"Mtu ametoka mbali, ametafuta kopo, amelikosa kwa sababu yetu," alisema Mama Tulia. "Mimi nadai haki, mwanangu. Siwezi kuidai nikiwa nimesimama juu ya uongo. Andika lilipo."

Lusungu alisimama kando ya sale la tatu akabonyeza. Simu ilimuuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena. Namba za zamani zikafutika, na mita thelathini na moja zikawa sifuri.

Mtendaji aliomba simu mara ya pili. Aliitazama, akayatazama masale, akapiga mstari juu ya alichokuwa ameandika.

"Sasa vinalingana," alisema. Wakaondoka na Lazaro kwenda kumalizia kupakia.

Lusungu alilifungua kopo ili alifunge tena kwa utaratibu wake. Ndani mlikuwa na daftari lililolowa pembeni, kalamu, kifungo cha koti, na kengele ndogo ya baiskeli. Mama Tulia aliingia ndani kwa ubavu akarudi na kipande cha ubao wa kitanda, urefu wa kiganja, akakiweka humo.

"Na wewe chukua kimoja, mama mkubwa. Ndiyo kanuni."

Mama Tulia aliigusa kengele. Ilikuwa nzuri, na ililia vizuri. Akairudisha.

"Nitaiweka wapi?" alisema.

Lusungu alilifunga kopo kwa waya uleule. Jaffari alikuwa ameshawasha pikipiki, mfuko wa parachichi umefungwa nyuma, maana haukupita mlangoni. Kabla ya kupanda, Lusungu aliandika kwenye simu, kama mtunzaji anavyotakiwa: Kopo lipo mahali pake. Hali nzuri.