Usiupime Mguu Uliotoka Ziwani

Mama mwenzangu, kama mwanao anapanda farasi, soma haya mpaka mwisho. Shule mimi niliishia la sita, lakini miguu ya farasi nimeipapasa tangu utoto wangu kwa mama, na hakuna mwanamume wa kijiji chetu wa kunifundisha.

Farasi wetu jike anaitwa Renggali. Tumemlea wenyewe kwa mayai, asali na sukari guru ambayo nyumba nyingine wanatilia kahawa yao. Mwaka huu baada ya mavuno alishinda mbio zote tatu za mchujo pale Takengon, mji wetu wa kando ya ziwa, akaingia fainali. Aliyempanda ni mwanangu Ruhdi, miaka kumi na tisa, bila tandiko, kama walivyopanda babu zake. Nilikuwa nikipita sokoni najiona nimerefuka.

Basi akaja tajiri mmoja kutoka mji wa Payakumbuh, akamwambia mume wangu: Renggali akikimbia fainali, hata akiwa wa pili, namnunua. Kwa pesa ile tungepata mashine yetu ya kumenya kahawa. Sisemi uongo, na mimi niliitaka.

Asubuhi ya fainali, kabla hajatolewa bandani, nilipitisha mkono nyuma ya mguu wake wa mbele wa kushoto. Ulikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa, dalili ya kano iliyoumia.

"Baba Ruhdi, huyu ana kano."

"Ana kano miguu yote minne, mama."

"Usinichezee. Shika mwenyewe."

Akashika. Akamfungua, akampeleka ziwani kama tufanyavyo sote, akamsimamisha majini saa nzima, kisha moja kwa moja uwanjani. Daktari wa mifugo akampapasa, akakuta baridi, akatia sahihi. Mume wangu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Hapo ndipo tunapokosea sisi watu wa ziwa. Maji yetu ukioshea mchele vidole vinakufa ganzi. Mguu wowote ukitoka humo ni baridi, mzima na mgonjwa. Kila mtu anajua hilo, na kila mtu analisahau siku ya fainali.

Nikashika kamba ya Renggali, nikasema haendi popote mpaka akauke. Nikamsimamisha juani. Kasmudin, jirani yetu, akapita.

"Mama Ruhdi, unamwanika kama kahawa?"

"Ndiyo. Na wewe ukilowa nitakuanika, ingawa sijui nani atakununua."

Waliokuwa karibu wakacheka, lakini Ruhdi hakucheka. Alikuja na namba yake kifuani, uso umemwiva kwa aibu.

"Mama, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Weka mkono hapa, mguu wa kulia. Haya, sasa wa kushoto."

Akaweka. Akarudia wa kulia, akarudia tena wa kushoto. Baba yake akafika.

"Panda, wanatuita. Daktari ameshapitisha, na tajiri yuko jukwaani."

"Baba, huu wa kulia umekauka, uko sawa. Huu mwingine unawaka."

"Ni mizunguko miwili tu."

"Kano ikikatika kwenye kona, Renggali atachinjwa na mimi mtanizika. Nisamehe baba, sipandi."

Alisema polepole, macho chini, bila kumkosea baba yake adabu. Mume wangu akanyoosha mkono, akamvua ile namba. Roho ilinipaa, maana pale kando walisimama vijana wawili wanaotafuta farasi wa kupanda, na mmoja alishaanza kukunja suruali. Mume wangu akawapita. Akaenda mpaka meza ya waamuzi, akaiweka namba mezani.

Kipaza sauti kikatangaza kwamba Renggali ameondolewa na mwenyewe. Watu wa kijiji chetu, waliokuja kwa malori mawili, wakatuzomea. Mmoja akasema tumehongwa. Ngoma zilipoanza, Renggali akavuta kamba kuelekea langoni na mguu wake ule ule mgonjwa. Ndivyo farasi alivyo. Hasemi inaniuma, yeye anataka kukimbia tu, kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kumsemea.

Tajiri aliondoka bila kuaga. Ilipofika alasiri mguu ulikuwa umevimba mpaka kidole kinazama, mume wangu akiufunga kwa bizari ya manjano iliyotwangwa.

"Angevunjika," akasema.

"Angevunjika."

"Na huyu mwanao naye."

Tangu siku ile watu wananipa pole kwa mbio tulizozikosa. Nawaambia pole mpeni aliyepoteza. Mbio tatu mwanangu alishinda na nikajivuna, lakini kujua kwamba nimezaa, nilijua siku aliyokataa kupanda mbele ya uwanja mzima.

Basi, mama, usingoje daktari wa uwanjani. Mguu upimwe bandani alfajiri, kabla haujaguswa na maji, na mkono wa kuupima uwe wa yule yule atakayepanda.